Jicho Halichomwi Sindano

Filamu ya Icarus niliitazama mara ya kwanza chumbani kwangu Kilakala, msimu wa mvua, tukiwa wawili na kompyuta moja tuliyoiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Mwenzangu alikuwa mdogo wangu, ambaye ni bondia. Si bondia wa kutangazwa redioni. Ni mmoja wa wale vijana wanaopigana mapambano ya utangulizi, wakati watu bado wanatafuta viti na wauza karanga wanapita mbele ya ulingo. Filamu ilipoisha alijinyoosha, akapiga miayo, akasema, "Kaka, umeona? Sindano zote zile, halafu kawa wa ishirini na saba. Dawa hazina lolote."

Nikamkubalia. Nilifurahi hata, kwa sababu nilidhani filamu imemfundisha kitu ambacho mimi ningeshindwa kumwambia. Wiki tatu baadaye nikaja kujua kwamba usiku ule alikuwa tayari anameza vidonge.

Ndiyo maana nataka kuirudia filamu ile na swali lake. Nadhani wote wawili tuliitazama vibaya, na filamu yenyewe ilitusaidia kuitazama vibaya.

Kwa ambao hawajaiona: Icarus ilitoka mwaka 2017, ikiongozwa na Mmarekani Bryan Fogel, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya hali halisi. Fogel ni mwendesha baiskeli wa ridhaa, mzuri lakini si wa kulipwa. Anaanza na wazo linaloeleweka hata na mtoto. Atashiriki mbio za Haute Route, siku saba za kupanda na kushuka milima ya Alps, bila dawa yoyote. Mwaka unaofuata atarudi akiwa amejidunga testosteroni na mengineyo, huku akijiandaa kukwepa vipimo. Kisha tulinganishe. Mara ya kwanza anashika nafasi ya 14. Mara ya pili anashika ya 27.

Katikati ya safari hiyo anasaidiwa na Grigory Rodchenkov, aliyekuwa mkurugenzi wa maabara ya Moscow ya kupima dawa michezoni. Hapo filamu inageuka. Rodchenkov anakimbilia Marekani mwishoni mwa 2015 na kusimulia jinsi chupa za mkojo wa wanamichezo wa Urusi zilivyopitishwa usiku kwenye tundu la ukuta na kubadilishwa, wakati wa Olimpiki ya Sochi ya 2014. Kuanzia hapo tunatazama hadithi ya majasusi, tena hadithi nzuri. Sijawahi kuona filamu ya hali halisi inayobana kifua namna ile. Lakini swali la mwanzo linaachwa porini, kama abiria aliyeshuka kuchimba dawa na basi likaondoka bila kuhesabu watu.

Hilo ndilo kosa lake kubwa, kwa sababu tarakimu mbili zimebaki kichwani mwa mtazamaji: 14 na 27. Filamu yenyewe inatuonyesha kwamba mwili wa Fogel uliongezeka nguvu na kwamba gia za baiskeli yake zilimharibikia njiani. Mtu mmoja, mbio mbili, chombo kibovu: hapo hakuna ushahidi kwamba dawa zinafanya kazi, na wala hakuna ushahidi kwamba hazifanyi. Lakini nani anakumbuka gia? Mdogo wangu alikumbuka nafasi ya 27, akaibeba kama jibu. Mtu anayeficha kitu hupenda jibu linalofunga mjadala.

Nikaenda kutafuta mchezo ambao swali hili limeulizwa kwa muda mrefu na kwa hesabu nyingi. Nikaangukia besiboli ya Marekani. Huku kwetu ni mchezo wa wachache. Dar es Salaam kuna uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto za mchezo huo kule Williamsport, Marekani. Lakini mtu wa Morogoro hahitaji kuujua mchezo wote ili aelewe kazi ya mpigaji. Amesimama na gongo. Mwenzake, kama mita 18 mbele yake, anarusha mpira mgumu unaoweza kufika kilomita 150 kwa saa. Mpira unamfikia chini ya nusu sekunde. Katika muda huo lazima auone, aamue kama unapigika, na gongo liwe limeshafika. Kufumba na kufumbua, kwa maana yake halisi.

Sasa swali: misuli mikubwa inasaidia nini hapo? Jicho halichomwi sindano. Hakuna kidonge kinachomfundisha mtu kusoma mkono wa mrushaji. Mwaka 1998 Mark McGwire alivunja rekodi kwa kuvusha mipira 70 nje ya uzio katika msimu mmoja. Mwaka 2010 alikiri kwamba alitumia steroidi, lakini akashikilia kwamba alizitumia ili apone majeraha, na kwamba kipaji cha kupiga alipewa na Mungu. Watu wengi walimcheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri: nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotupoteza.

Mwanafizikia Roger Tobin wa Chuo Kikuu cha Tufts alikaa na hesabu hiyo mwaka 2008. Alichokiona ni hiki. Misuli ikiongezeka kiasi, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo inaongezeka kidogo tu, asilimia tatu au nne. Ukisikia hivyo unasema, aa, si kitu. Lakini mpigaji mzuri ana mipira mingi inayodondoka hatua chache kabla ya uzio na kudakwa. Asilimia hizo nne zinaisukuma mipira hiyo upande wa pili. Kwa hesabu yake, mipira inayovuka uzio inaweza kuongezeka kwa nusu nzima, au hata zaidi. Kidogo kwenye chanzo, kingi kwenye matokeo.

Tazama Barry Bonds. Kabla ya 1998 alikuwa ameshachaguliwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Jicho alikuwa nalo. Mwaka 2001, akiwa na umri ambao wengine wanafikiria kustaafu, alivusha mipira 73, wakati huko nyuma hakuwahi kufikisha hata 50 kwa msimu. Hajawahi kukiri kwamba alitumia dawa kwa kujua, na mimi si hakimu. Ninachosema ni kwamba mjadala wake unaonyesha nguvu inavyofanya kazi. Inazidisha kile kilichopo. Ukiwa na jicho la Bonds, kuzidisha kunakupa maajabu. Ukiwa huna jicho, sifuri mara kumi ni sifuri, isipokuwa sasa una sifuri yenye kifua kipana.

Na McGwire, bila kukusudia, alitaja njia ya pili. Alisema dawa zilimsaidia kupona. Lakini anayepona upesi anarudi mazoezini upesi, na anayefanya mazoezi siku nyingi zaidi anaona mipira mingi zaidi. Kwa hiyo hata jicho, ambalo halichomwi sindano, linaweza kununuliwa siku za ziada za kusoma shule. Hapa ndipo kauli kwamba dawa hazina lolote inapoanguka kabisa. Zina kitu. Swali ni kitu gani, kwa nani, na kwa mchezo upi.

Kwenye mbio ndefu, kwa mfano, jibu ni jingine. Huko hakuna gongo la kulenga, na umbali kati ya mwili na matokeo ni mfupi zaidi. EPO haiongezi misuli hata kidogo. Inaongeza chembe nyekundu za damu, hewa ya oksijeni ikafika miguuni kwa wingi. Jirani zetu Wakenya wameujua uchungu wake. Jemima Sumgong alishinda marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na mwaka uliofuata akakutwa na EPO. Asbel Kiprop alipewa dhahabu ya mita 1,500 ya Beijing 2008 baada ya aliyemtangulia kunyang'anywa kwa sababu ya dawa. Miaka kumi na moja baadaye yeye mwenyewe akafungiwa miaka minne kwa EPO, akikana mpaka mwisho. Ukitaka kujua kwa nini mtu anashawishika, kumbuka Septemba 2025 jijini Tokyo, tulipopiga kelele mpaka majirani wakatoka nje: Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kilomita 42 kwa muda uleule, saa 2:09:48, na Simbu akapata dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha kwa tofauti ya sekunde 0.03. Asilimia moja ya muda ule ni sekunde 78. Pale juu, asilimia moja ni nchi nzima. Ndiyo maana ushindi safi kama ule una thamani, na ndiyo maana wapo wanaotafuta asilimia moja kwenye chupa.

Lugha yetu haitusaidii kutofautisha haya. Magazeti huandika "dawa za kuongeza nguvu" kwa EPO, kwa testosteroni, kwa kila kitu. Maneno hayohayo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme mjini kwa wanaume wenye shida nyingine kabisa. Kila kitu ni nguvu. Kijana anayesikia neno hilo miaka yote anajenga imani kwamba ushindi ni mzigo wa kilo, na kwamba kilo zinauzwa.

Lakini anayeishi chini ya Uluguru hana kisingizio cha kuamini hivyo. Panda asubuhi njia ya Morning Side. Utakutana na kina mama wakishuka kutoka vijiji vya juu, mkungu wa ndizi au tenga la mboga kichwani juu ya ngata, wakiongea, mikono mitupu. Njia ni ya mawe na utelezi. Kina mama wale hawana mabega ya jimu. Mama yetu ni Mluguru wa Matombo, na alikua akibeba hivyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ugumu tu wa maisha. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji la uso. Waligundua kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nishati zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Mzigo wa bure. Hakukuwa na misuli ya ajabu, kulikuwa na mwendo uliofunzwa tangu utotoni.

Sisemi hivyo ili kuupamba mzigo. Ndizi zinauma shingo, na mama angefurahi sana kama barabara ingefika kijijini kwao mapema. Nasema tu kwamba nguvu tunayoiona kwa macho na nguvu inayofanya kazi ni vitu viwili, na mara nyingi tunanunua ile ya kwanza.

Mdogo wangu alinunua hiyo ya kwanza. Na hapa lazima niseme upande wangu. Sikukuu iliyotangulia, mbele ya ukoo mzima, nilimtania, "Bondia gani huyu, mwili kama fito?" Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka. Huu ni mji wa Francis Cheka, aliyemshinda Mmarekani Phil Williams mwezi Agosti 2013 na kutwaa mkanda wa WBF. Kijana wa ngumi hapa analinganishwa na jina hilo kila anapovua fulana. Miezi miwili baadaye tulipokutana alikuwa amejaa. Mashavu yamekuwa ya mviringo, shingo imenenepa. Nikamwambia, "Sasa hivi ndiyo bondia." Hayo yalikuwa maneno yangu ya pili, na sijui yapi yalikuwa mabaya zaidi.

Mama ndiye aliyeona. "Mwanangu, uso huu si wa chakula," alimwambia, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Usiku akanionyesha mimi vidonge, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, havina boksi wala karatasi ya maelezo. Alivinunua kwa mtu wa mtaani aliyemwambia ni steroidi, zilezile za mabaunsa. Nilivipeleka kwa mfamasia ninayemfahamu. Akaangalia alama zilizochapwa juu yake, akatikisa kichwa. Vya aina moja vilikuwa deksamethasoni, vya aina nyingine siproheptadini.

Kwa hiyo aliyeuza hakusema uongo wote. Deksamethasoni kweli ni steroidi. Lakini neno hilo lina watoto wawili wasiofanana. Steroidi za akina McGwire hujenga misuli. Deksamethasoni ni ya jamii nyingine, dawa muhimu sana hospitalini kwa uvimbe na mzio mkali, ambayo ikinywewa holela hujaza maji na mafuta usoni na shingoni, hupandisha sukari na presha, na kwa muda mrefu hupunguza misuli ya mikono na mapaja. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Mdogo wangu alikuwa anaonekana mkubwa huku akidhoofika, na kwenye mazoezi alikuwa anasinzia. Juu ya yote hayo, deksamethasoni ya kumeza hairuhusiwi siku ya shindano kwa kanuni za WADA. Angefungiwa kwa kosa la kutumia dawa iliyokuwa inamfanya apigwe.

Mfamasia alisisitiza jambo moja, nalo nalirudia hapa kwa yeyote anayehitaji kulisikia: mtu aliyezitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu. Ndivyo tulivyofanya.

Wakati wa kusubiri kwenye benchi la hospitali niliifikiria tena Icarus. Nilikumbuka kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza: kila sindano ya Fogel ina mtu nyuma yake. Kuna daktari anayeandika dozi, kuna vipimo vya damu, kuna bingwa wa maabara kwenye skrini anayemwelekeza. Mwili wake unahesabiwa kila siku. Filamu inaliona hilo kama hila, na kweli ni hila. Lakini ni anasa vilevile. Vijana wengi wanaomeza vitu hivi duniani hawana maabara ya Moscow. Wana kipande cha gazeti, muuzaji, na ndugu mwenye utani. Filamu iliyoanza na mwili wa mtu mmoja ingeweza kufika kwa miili hiyo. Badala yake ilikwenda kwa marais. Ilipata Oscar kwa safari hiyo, na sitasema haikustahili. Nasema tu kwamba abiria bado yuko porini.

Kocha wa mdogo wangu alipoambiwa hakufoka. Alimwita pembeni akamwambia aweke kiganja juu ya kisigino chake, cha kocha, kisha akapiga begi mara moja, polepole. "Umesikia inakotoka?" akamuuliza. Ngumi ilianzia chini, ikapita nyonga, bega likawa la mwisho kujua. Kocha ana miaka zaidi ya sitini na mikono myembamba. Begi lilirudi nyuma vizuri sana.

Pambano lililopangwa mwezi uliofuata lilipita bila mdogo wangu. Uso ulichukua miezi kurudi. Nilimwomba radhi kwa neno la fito, akasema alishasahau. Najua hajasahau, kwa sababu hata mimi sijasahau. Hatujaitazama tena filamu.

Siku hizi anakimbia alfajiri mpaka Morning Side. Juzi alirudi amelowa, akakaa kizingitini kuvua viatu.

"Kaka, yule mama amenipita tena kwenye kushuka."

"Alikuwa na nini?"

"Ndizi. Mkungu mzima."

Nilimuuliza kama alijaribu kumpita. Akasema hapana, alishuka nyuma yake mpaka mjini, akiangalia anavyoweka miguu.